Kiungo cha Kushoto

Ilianza kama mgeni mwenye haya anayebisha hodi:
ko, ko,
kila nilipovuka reli pale Cheyo,
chini ya miguu ya abiria ambaye hayupo.
Nikaongeza sauti ya redio.
Wiki ya pili mgeni hakuwa na haya tena.

Altezza yangu ya rangi ya fedha, niliyoikata springi
mwaka ule bei ya tumbaku ilipopanda
nikajiona kijana,
sasa inainama kwenye kona ya barabara ya Nzega
kama mlevi anayetafuta ukuta.

Fundi Nzigo akaingia chini, akatoka na kitu kisichozidi shibiri:
chuma chembamba, kifundo huku, kifundo huku,
kimoja kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
"Linki ya stabilaiza. Hii ndiyo inayoongea."

Kiungo.
Neno hili nalijua kwenye mchuzi,
nalijua katikati ya uwanja, jezi namba nane,
nalijua gotini mwangu asubuhi za Julai.
Sikujua kwamba gari nalo lina kitu kidogo
kinachouambia upande wa kulia
kwamba wa kushoto umeelemewa.

Dukani kwa Mwajabu Kapaya tukatandika gunia.
Jozi ya kwanza za mtumba, zimepakwa rangi nyeusi kuficha umri.
Jozi ya pili mpya, ndani ya boksi lenye picha ya duma.
Ya tatu nyekundu, imekuja kwa treni,
ya kurefusha na kufupisha kwa nati,
vifundo uchi, vinang'aa, vya watu wa mashindano.
Bei yake siiandiki. Mke wangu hulisoma daftari hili.

Kazi yangu ni kupanga madaraja ya tumbaku,
miaka kumi na tisa,
na rangi ya jani huwa siiamini kwanza.
Nafumba macho, naviachia vidole.
Za mtumba zilizunguka bila kuuliza.
Za duma zilikuwa jani lililokaushwa kwa pupa:
juu kavu, mshipani maji.
Nyekundu, laini, zenye kiburi.
Nikazitaka.

Nzigo akachota vumbi la kizingitini kwa vidole viwili,
akakinyunyizia kifundo, akakizungusha.
Kikasaga meno.
"Huko zilikotoka barabara zinaoshwa. Wewe utanirudia mwezi wa tisa."
Mwajabu akanuna, akaufuta ule wekundu kwa kanga yake.

Kisha akapotelea stoo, akarudi na jozi ya nne,
imefungwa kwenye gazeti, rangi ya majivu:
nati za kurekebisha zipo, raba ya kuziba vumbi ipo,
na chuchu ya grisi.
"Mwenyewe aliagiza, akauza gari kabla hazijafika."

Juu ya shimo, matairi yote manne yamekanyaga.
"Panda."
"Mimi?"
"Gari halijiendeshi. Uzito wako ni sehemu ya kipimo."
Nikakaa, kilo tisini na mbili, mikono kwenye usukani.
"Na hapo kushoto hukaa nani?"
Nikamwambia: mke wangu, zamani,
kabla ya ile kona.
Tangu hapo hupanda bajaji.
"Kilo ngapi?"
"Andika sitini."
Akaita kijana, akaleta gunia la mpunga la Mwajabu,
wakaliketisha, wakalifunga mkanda.

Chini yangu nati ikazunguka robo, ikarudi nusu ya robo.
"Bolti nataka iingie kwa kidole," alisema.
"Nikiishika nyundo, ujue urefu nimekosea."
Nikangoja. Nikasikia anapumua.
"Imeingia."

Nilivuka reli pale Cheyo redio imezimwa,
na ndipo nilipokumbuka gunia la watu,
limekaa wima kushoto,
halijasema neno.