Jike Mmoja, Dirishani

Kwanza ujue kwamba si mbu.
Mburahati wanamwita mdudu wa choo
na wakishamwita wanavua kandambili.
Paa! Ukutani linabaki doa la kijivu,
kama mtu kapangusa jivu kwa kidole.

Mimi nimeajiriwa kumtazama.

Milimita mbili na robo, ukipima kwa subira.
Akitua hukunja mabawa mfano wa paa la banda,
na paa lenyewe lina manyoya.
Ukimpuliza haendi mbali: shibiri mbili,
kisha anarudi palepale, kama mdai.

Kitabu cha kutambulia kina njia panda mia na kumi.
*Mshipa wa pili ukigawanyika kabla ya katikati ya bawa, nenda 14.
La sivyo, nenda 31.*
Nikaenda 14. Nikaenda 22.
Papasi zina pingili kumi na sita; nilihesabu mara tatu,
mara ya pili zilikuwa kumi na tano,
na umeme ukakatika Mlimani nzima,
nikamalizia kwa tochi ya simu,
lenzi ya hadubini imelowa jasho la kope zangu.
Namba 58 ikasema: *tazama sehemu za siri za dume.*

Mama alipiga kuuliza nafanya nini ofisini usiku.
Nikamwambia. Akanyamaza.
"Ada yote ile, Mwanahawa,
uende kuchungulia uchi wa nzi."

Na dume sikuwa naye.
Nilikuwa na majike saba, mmoja hana kichwa.

Aliyemwandika kwanza alikuwa Mjerumani, zama zao,
akamwandika mstari mmoja na nusu:
*Jike mmoja. Dirishani. Daressalam, Desemba.
Bawa la kushoto halipo.*
Basi. Zaidi ya miaka mia,
kwa wasomi wa dunia nzima, kiumbe huyu
ni dirisha na bawa moja.
Hakuandika dirisha lilikuwa la nani,
nani alilifuta kila asubuhi,
wala kama mfutaji huyo
alikwisha kumpa mdudu jina.

Jumamosi nikarudi Mburahati na vichupa vya spiriti.
Shangazi Sikudhani alikuwa na harusi ya bintiye:
choo kimepigwa rangi ya bluu, bluu kweli kweli,
sakafu inanuka dawa mpaka machozi.
Nikasimama mlangoni kama aliyefika msibani
marehemu keshazikwa.

"Si ulisema unawataka?"
Akavuta kopo la mafuta ya nywele nyuma ya birika,
mfuniko umetobolewa kwa sindano.
"Watatu. Nimewalisha utelezi wa bomba.
Dume au jike, sikuwauliza."

Wawili walikuwa majike.

Wa tatu nimemlaza chini ya kioo usiku huu,
na ninaandika ambayo Mjerumani hakuyaandika:
kwamba dume ana ndoana mbili zilizopinda kwa ndani
kama vidole vya mtu anayekuna nazi,
na kila ndoana ina unywele mmoja tu, mnene;
kwamba nyuma ya mabawa, kama nzi wote,
ana virungu viwili vya kumshikia mizani hewani;
kwamba mabuu yake huishi bombani
na hula tunachokisukuma kwa maji tukasahau;
kwamba hutua ukutani kabla ya adhana ya alfajiri,
taa ikiwashwa hashtuki.
Hajulikani kuuma. Hajulikani kuleta maradhi.
Faida yake? Shangazi aliniuliza, nikasema sijui.
"Basi yuko kama mjomba wako," akasema,
akaendelea kuchambua mchele.

Lebo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.
Wino mweusi, mkono usitetemeke:
*Dar es Salaam, Mburahati. Ukuta wa choo.
Dume. Mabawa yote mawili.
Mkusanyaji: Sikudhani binti Mbaruku.*

Nilitaka kuongeza kopo la mafuta ya nywele.
Nafasi ikaisha.