Hesabu ya Kidoti

Daftari hili lilikuwa la Mbwana, la hesabu, darasa la tano.
Kurasa za nyuma nimezifanya zangu:
Jumatatu, makopo matatu. Jumanne, matatu kasoro.
Jumatano sikuandika, kalamu iligoma.

Kidoti alikula alichokikuta:
ukoka mkavu wa kando ya njia ya Konde,
mabua, maganda ya muhogo,
siku nyengine karatasi ya maandazi na mafuta yake.
Ameze, akirudishe, acheue,
kisha abeue,
mbweu ndefu ya mtu aliyetoka harusini,
na harusi yenyewe hakualikwa.

Akaja Mkasi binti Faki, bibi mifugo,
mabuti yamejaa tope la Tumbe nzima.
Akainama mdomoni mwa ng'ombe kama anayeambiwa siri.
"Mama Mbwana, maziwa yako yanapotelea hapa.
Jani gumu hukawia tumboni, likachacha,
likawa hewa, hewa ikapanda.
Umekata wewe, yamekula mawingu.
Na hewa hiyo huko juu hulifunika joto lisitoke."

Nilicheka.
"Mwanangu, dunia imekosa wa kumshitaki
hata imfuate Kidoti?"

Hakujibu. Akatazama bondeni,
kwenye jaruba zetu za mpunga.
Mwaka wa tatu huu maji ya chumvi yanapita mikokoni,
yanaingia bila hodi.
Mchele nanunua. Hata pumba nanunua.
Kicheko kikanikaa kooni.

"Sehemu yake ipo, ndogo," akasema.
"Wenye sehemu kubwa hawana daftari
nikapata pa kuwaandikia."

"Na mwani? Redio inasema kuna ng'ombe wanalishwa mwani
wakapunguza kubeua."
"Ni mwani mwengine, mama. Wako uuze."

Basi nikaukata mlusina wa uani, majani mabichi,
nikayachanganya na ukoka mchanga, vipande vya kidole.
Machicha ya nazi nikaomba kwa Bikombo, mpishi wa mashughuli.
Maji ndoo mbili, si moja.
Wiki ya mwanzo Kidoti alinuna, akaipiga ndoo teke;
nimeandika: mawili. Nimeandika pia tusi, nikalifuta.

Wiki ya nne: manne.
Ya sita: matano kasoro robo.
Shaame wa mkahawani akanikazia macho,
"Umetia maji?"
Akachovya kidole, akakitoa kimevaa malai,
akanyamaza, akalipa.

Ukurasa mpya nimeupiga mstari katikati.
Kushoto maziwa.
Kulia ziwe mbweu, lakini kipimo chake
hakiuzwi duka lolote la Konde,
na usiku nikikaa bandani kuzihesabu
nasinzia kabla ya ishirini.
Nimepaacha wazi.

Kidoti ananitazama, taya linakwenda, linarudi,
kama mtoto anayelijua jibu
na mdomo umejaa.