Ripoti ya Mpiga Fidla

Kadzo, mwanangu, fomu yako nimeijaza nusu.
Pale palipoandikwa *Idadi ya walionufaika*
nimepaacha wazi. Nisikilize kwanza.

Usiku ule, ukumbini Tononoka,
mapangaboi mawili yakizunguka, la tatu likilalamika,
ulisimama na karatasi zako mbele ya kipaza sauti
ukatueleza kuwa dawa ya kuacha unga ni bure,
ila nauli si bure:
kutoka Kisauni hadi kliniki, kila siku ya Mungu,
kwenda na kurudi, kwa mtu asiye na kazi,
ambaye hata mamake hamwamini na ndoo.
Wanawake wakajipepea.
Mmoja akasema, wala hakunong'ona,
"Tumekuja kuimbiwa, hatukuja kuhutubiwa."
Ukakaa. Mato yako niliyaona.

Ndipo Bi Swafiya akakohoa kidogo
(huo ndio ufunguo wetu, hatungoji mwingine)
nami nikauburuza upinde juu ya uzi mnene.
Hakuimba la mahaba. Aliimba la mama
afichaye sufuria zake chini ya kitanda
asiibiwe na aliyemzaa.
Hakutaja unga. Hakutaja jina.
Fumbo mfumbie mjinga;
ukumbini hapakuwa na mjinga.

Wakaanza kuinuka. Unajua kutuza kwetu:
mtu haji mbio, huja kwa madaha,
noti kaibana vidoleni, akaizungusha hewani,
jicho kampa yule aliyekusudiwa.
Usiku ule hakukuwa na wa kukusudiwa.
Walikuja vichwa chini.
Yule wa "hatukuja kuhutubiwa" alikuja mara tatu;
ya tatu akavua bangili,
ikalia ndani ya ndoo ya plastiki
nami nikateleza kwenye noti moja,
ya muziki, si ya pesa. Iandike hiyo.

Asubuhi mhasibu wenu akataka stakabadhi.
Ya nani? Noti zilikuja zimelowa jasho,
hazikuja na majina.

Na usituandike kuwa watu wema.
Jukwaani petu kuna kiti hakikaliwi,
cha Msellem wa kanuni.
Kanuni yake tuliiona Mwembe Tayari
kwa muuza redio kuukuu,
nyuzi kumi na moja zimekatika, bei kwa chaki.
Tukapita. Siku nyingine tukapita tena.
Miezi minane hatukuinunua, kwa hasira:
alikuwa ameuza na kinanda cha Athman,
na kinanda hakikuwa chake.
Tulipotaka kuirudia, haikuwapo.
Basi ulipokuja na fomu zako
tulikubali haraka mno. Hukujiuliza?

Ndoo imelipa nauli ya watu kumi na wanne
mwezi mmoja na siku sita.
Wawili wamerudi kule kule. Hilo pia liandike.

Juzi, mazoezini, chumba cha juu Kibokoni,
mlango ulisukumwa bila hodi.
Msellem. Kakonda, shati kalipiga pasi,
vidole havitulii.
Hakuna aliyesema karibu.
Hakuna aliyesema toka.
Athman akakivuta kinanda chake kipya
karibu na goti, kidogo tu;
sote tulimwona,
na Msellem alimwona.

Kisha Bi Swafiya akakohoa.

Kanuni ya kumpa hatukuwa nayo.
Aliinamia meza yenye vikombe vya kahawa
akapiga kwa kucha nyuzi zisizokuwepo,
wimbo mzima, mpaka kituo,
na pigo hata moja halikumpotea.
Athman hakuinua kichwa.
Ila mguu wake, chini ya meza, ulikuwa ukihesabu.

Kwa hivyo ile nafasi, Kadzo,
ukilazimika kuijaza,
jaza kwa penseli.