Buti la Kushoto

Nilitumbukia Ziwa Peipsi mwezi wa Machi, nina miaka sita.
Hilo nililijua kama nijuavyo jina langu, Akulina.
Barafu ililia kwanza, kwa sauti nyembamba,
kama shuka kuukuu linapochanwa matambara;
halafu nikawa chini, natazama juu,
na lile tundu nililoingilia lilikuwa duara jeupe,
dogo, kama kisahani cha chai.

Mjomba Kalistrat alilala kifudifudi juu ya ngazi,
akanivuta kwa ukosi wa koti.
Buti langu la sufi, la kushoto, likabaki kwa samaki.

Nimekisimulia kisa hiki miaka hamsini:
kiwandani, tukiwapaka samaki chumvi;
kitandani, usiku wa kwanza, kwa mume wangu Zinovi,
aliyenishika mguu akauliza, "Ni huu?"
Sikutia chumvi. Naapa sikutia.
Kila nilipofika kwenye kisahani
watu waliacha kutafuna.

Kisha Mama akafa, vitunguu vikiwa bado shambani,
na usiku wa kukesha naye, dada yangu Fetinya
akamimina chai, akasema bila kuniangalia:
"Baridi kama ya siku ile niliyozama.
Mama alinikanda kwa vodka mpaka ngozi ikawasha.
Wewe ulikuwa ukingoni,
umeshika kigari changu cha theluji, unalia."

Nilicheka. Hakucheka.
Alikuwa na kila kitu changu:
shuka linalochanika, ngazi, ukosi wa koti,
hata kisahani alikuwa nacho,
ila chake kilikuwa cha buluu.
Tukavutana, wanawake wawili wenye mvi,
kama watoto wagombeao mdoli,
mbele ya jeneza la mtu aliyejua.

"Mlikuwa jikoni nyote wawili,"
akasema shangazi Ustinya kutoka kwenye kochi.
Tulidhani kalala.
"Aliyezama ni Yefim wa jirani.
Ngazi ilikuwa fupi."

Hakuna aliyemuuliza zaidi.
Ana miaka tisini na moja, hukosea majina ya paka.
Samovari ikaendelea kunung'unika.

Tangu hapo nalipekua lile tukio usiku
kama mtu apekuaye mifuko ya koti la kuazima.
Kuna jambo moja:
maji niliyoyameza yalikuwa na chumvi.
Nimelisema hilo mara elfu, hakuna aliyenisahihisha,
wala sikujisahihisha mimi, mzaliwa wa ukingoni,
niliyelichota ziwa hili kwa ndoo utoto mzima.
Peipsi ni ziwa la maji baridi.
Chumvi ile ilitoka wapi?
Labda kiwandani, vidoleni mwangu.
Labda ni machozi ya mtoto aliyesimama dirishani
akitazama watu wakikimbia na ngazi.

Darini, ndani ya kreti la vitunguu, tumekuta buti.
La sufi, la kushoto, limekauka kama mkate wa juzi.
Fetinya alilipima kwa mjukuu wake wa miaka sita:
mguu ukaogelea.
Kwa yule wa miaka tisa likaingia sawasawa.
Yefim alikuwa na miaka mingapi?
Tuliulizana kwa macho tu,
tukalirudisha kretini,
juu yake tukatandika magazeti.

Jana Arseni, mjukuu wangu,
kaniuliza kama barafu huweza kukatika.
Nilikusudia kusema sijui.
Nikafungua mdomo, na barafu ikalia kama shuka,
na ukingoni nikasikia mbwa akibweka.
Hajawahi kuwamo mbwa.
Mweusi, sikio moja limelala.

Leo asubuhi, nikimenya vitunguu,
nimelikumbuka jina lake.