Epuka Vivuko

Gari lilishuka bandarini Mkoani na kifaa kimenata kiooni,
bapa, cheusi, kimeshikwa na kikombe cha mpira,
ndani yake mwanamke
akinielekeza Kijapani, kwa adabu zote,
mpaka nikaingia mtaroni karibu na Kengeja.

Nikampelekea Sabiha, duka la simu, Madungu.
Akapuliza vumbi, akachomeka kadi mpya ya ramani,
akanihoji kama karani wa ndoa.
Kilomita au maili? Kilomita.
Mchoro wa gari uwe upi? Kuna lori, kuna pikipiki,
kuna mshale mtupu.
Nikataka punda. Punda hakuna.
Basi mshale.
Usiku kioo kigeuke cheusi chenyewe?
Kigeuke, giza tumelizoea.
Kengele ukizidisha mwendo?
Tia, lakini iwe ndogo, abiria wasiisikie.
Njia fupi au njia ya haraka?

Hapo nikanyamaza.
Pemba, mwanangu, njia fupi ni ile
isiyo na mtu wa kukusimamisha akuulize hali ya mjomba.
"Hiyo haimo," akasema, akachagua ya haraka.

Epuka barabara za vumbi?
Nitafikaje kwetu?
Epuka vivuko?
Kidole chake kikangoja hewani.
Nikaitazama ramani: kisiwa kama jani la mhogo
lililotafunwa na panzi,
na buluu, buluu kote.
"Ukisema ndiyo," akanieleza, "hakitakuvusha maji
hata ukililie."
Nikasema ndiyo.

Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya sauti.
Lakini kinarekodi, akasema Sabiha, mlete mtu.
Nikampa Mize, mke wangu, sentensi arobaini na mbili.
Alizisoma jikoni, mlango umefungwa,
na bado ukitega sikio, nyuma ya "pinda kushoto"
mafuta yanachemka.
Palipoandikwa "kwenye mzunguko, toka njia ya pili"
yeye kasema, "Ya pili hiyo, usijitie hujaiona."
Punguza mwendo: "Polepole, watoto wa chuoni wanatoka."
Umefika:
"Haya, shuka."

Bwana mmoja, mpima karafuu, nilimpeleka Konde;
aliposikia haya shuka akashuka kweli,
akasahau mkoba, akasema ahsante mama.

Nimetia nyota zangu mwenyewe.
Moja kwa fundi mipira Machomane.
Moja kwa Bi Time wa mikate ya ajemi,
na saa ya kengele, alfajiri, kabla haijesha.
Moja kwenye shimo la Mzambarauni,
ambalo ramani hailijui
na kila masika linazaa.

Kimebaki kitufe kimoja.
Picha ya nyumba ndogo, paa jekundu,
chini yake herufi mbili
ambazo Sabiha hakuzigusa.
"Hapa ni nyumbani kwa mwenyewe wa kwanza. Nifute?"
Ngoja, nikamwambia, nikakibonyeza.
Kiduara kikazunguka
muda wa kumeza funda la chai,
kikazunguka tena,
kisha Mize, kwa sauti yake ya jikoni:
"Njia hakuna, bwana."

Ningeweza kurudi kwenye vivuko
nikaondoa ile ndiyo, nione angenipitisha wapi.
Sikurudi.
Nikamlipa Sabiha, nikaondoka na nyumba ya watu garini.

Yetu, Kangagani, imeandikwa Nyumbani Mbili,
na Mize ameiona, na hajapenda.
"Mbili? Na ya kwanza ya nani?"
Nikamwonyesha herufi zile.
Aliziinamia kiooni, mkono una unga.
"Hii ya pili ina paa," akasema.
Kweli, ilikuwa na paa, na kama bomba juu yake.
Akaipangusa kwa pembe ya kanga,
akaacha unga zaidi kuliko alioukuta,
akaingia ndani kutazama chungu.