Kamba ya Ng'ombe

Daktari wa Mbeya aliinua picha dirishani:
"Mama Lugano, hii mifupa ni ya bibi yako."
Nina miaka thelathini na sita.
Bibi yangu bado anapanda Katumba na mkungu kichwani.

Krons, ugonjwa usio na jina la Kinyakyusa.
Vidonge vilivyozima moto wa utumbo
vikaanza kulamba chokaa ya mgongo;
mlinzi naye, kumbe, alikuwa na njaa.

Na hapa ni Tukuyu, maziwa hadi kwenye ndoo za jirani!
Anyisile hunipa kikombe, povu bado la moto.
Nanusa, namrudishia.
Nasaga dagaa na miiba yao,
naota jua, mgeni wetu wa nusu saa,
mikono nje ya kitenge kama mdai.

Masika. Usiku mara nne, mara tano,
njia ya chooni imekuwa mlenda.
Hapo ndipo ninapoogopa: si tumbo, ni kuanguka.

Ambakisye hakusema kitu.
Jumamosi alifunga kamba
toka mlangoni, kupitia mgomba, hadi chooni.
Inanuka zizi.
Naishika gizani, mguu, halafu mguu,
na yule ng'ombe ananisikia nikipita.