Mvuta Pazia

Klabuni Raskazone, Semkiwa ndiye mvuta pazia.
Usiku ule karani wa katani, Mzungu wa pua ya madoa,
alivaa koti jeusi akaigiza mtumishi,
akaingia na sinia
amelikumbatia kama anayeokoa kuku mafurikoni.

Bwana wa mchezo hajui hata kufunga tai yake;
mtumishi ndiye ajuaye madeni, barua, na nani anamchumbia nani.
Ukumbi ukacheka mpaka wiski ikawapalia.
Semkiwa naye alicheka, upande wake wa kamba,
kimyakimya, kwa mbavu tu.

Mapumzikoni karani akamfuata: "Nimeweza?"
"Sinia, bwana, hukaa vidoleni.
Na macho usiyapeleke kwa anayekula."
Akajaribu. Akajaribu tena. Akaweza.

Saa sita koti likarudi msumarini
na karani akaita "Boi!" kwa sauti yake ya siku zote.
Glasi arobaini na moja. Moja ina ufa.

Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
mkewe akauliza mchezo ulihusu nini.
"Kazi yangu," akasema, akivua kanzu.
"Ila kule mtumishi hupigiwa makofi."
Akanyamaza.
"Hapigwi."